MSIMU WA KUSHINDWA
Habari za Timu ya Mpira ya Chuo cha Jeshi cha West Point, Mwaka 1951

Watu wanaporudi kutoka kiwanja cha mpira, swali la kwanza wanaloulizwa njiani ni moja tu: Nani ameshinda? Ndivyo ilivyo Tala na Kangundo, ndivyo ilivyo Machakos mjini, na ndivyo ilivyo katika kila nchi ambako vijana hucheza mpira. Ni mara chache mtu kuuliza: Wameshinda kwa njia gani? Na ni mara chache zaidi kuuliza: Hao walioshindwa, wameshindwa kwa sababu gani? Walakini yako mashindano ambayo habari ya walioshindwa yafaa kusomwa kuliko habari ya walioshinda. Mojawapo ni habari ya timu ya chuo cha maofisa wa jeshi la Marekani kilichoko West Point, ambayo mwaka 1951 ilishindwa michezo 7 kati ya 9, baada ya miaka mingi ya kuogopwa na kila timu.

Habari hii, ingawa ni ya mbali, ina uzito wake Ukambani. Vijana wengi wa Kikamba walijiandikisha katika jeshi la King's African Rifles, na baadhi yao walifika Burma katika vita vya 1939 hadi 1945. Kwa hiyo nyumba nyingi za kaunti ya Machakos zajua maana ya amri na kanuni za askari. Tena hakuna mzazi wa Tala, awe mkulima wa kahawa au karani wa afisi, asiyejua jinsi mtihani mmoja unavyoweza kufungua mlango wa maisha ya mtoto au kuufunga. Habari ya West Point yahusu mambo hayo mawili pamoja, askari na mtihani. Mpira ulikuwa mahali tu ambapo matokeo yake yalionekana mbele ya watu wote.

CHUO NA MCHEZO WAKE

Chuo cha West Point kilianzishwa mwaka 1802 kando ya mto Hudson, kiasi cha kilomita 80 kaskazini ya jiji la New York. Kijana akaaye huko miaka minne na kufuzu hutoka akiwa ofisa wa jeshi. Jenerali Dwight Eisenhower, aliyeongoza majeshi ya Washirika katika Ulaya na ambaye baadaye alikuwa Rais wa Marekani toka 1953 hata 1961, alifuzu huko mwaka 1915. Naye alikuwa mchezaji wa timu ya chuo mwaka 1912, mpaka alipoumia goti. Jenerali Douglas MacArthur alikuwa mkuu wa chuo hicho toka 1919 hata 1922, naye ndiye aliyekaza kwamba kila mwanafunzi lazima ashiriki katika michezo, kwa kuwa aliona kiwanja cha mpira ni shule ya ushujaa.

Yafaa msomaji aelewe kwamba mpira wa Kimarekani si huu unaochezwa katika viwanja vyetu. Kila upande una watu 11, lakini mpira wenyewe ni mrefu wenye ncha mbili, nao huchukuliwa mikononi au kurushwa, na adui hujaribu kumkamata aliye nao na kumwangusha chini. Mchezaji akivuka nao mstari wa mwisho wa upande wa adui, timu yake hupata pointi 6. Kisha wakiupiga mpira kwa mguu ukapita kati ya miti miwili, huongezewa pointi 1. Ndiyo maana hesabu za mchezo huo ni kubwa kuliko magoli yetu.

Mwaka 1940 timu ya West Point ilikuwa dhaifu kabisa, ikashinda mchezo 1 tu kati ya 9. Mwaka uliofuata aliletwa mwalimu mpya wa mpira, Earl Blaik, ambaye mwenyewe alifuzu chuoni hapo mwaka 1920. Alikuwa mtu mkimya, mwenye bidii isiyochoka, ambaye hakuacha jambo dogo lipite bila kuangaliwa. Chini yake timu haikushindwa hata mara moja katika miaka ya 1944, 1945 na 1946. Ukihesabu toka 1944 hata 1950, West Point ilicheza michezo 64, ikashinda 57, ikatoka sare 4, na kushindwa 3 tu. Mmoja wa wasaidizi wake toka 1949 alikuwa Vince Lombardi, ambaye miaka ya baadaye sifa zake za kufundisha mpira zilienea Marekani nzima. Basi lilipokaribia lile jua la kiangazi cha 1951, hakuna aliyedhani kwamba timu hiyo itavunjika, wala kwamba itavunjwa na wenyewe.

KANUNI ILIYOVUNJWA

West Point ina kanuni inayoheshimiwa kuliko amri nyingine zote za chuo: mwanafunzi hasemi uongo, hadanganyi katika kazi yake, wala haibi. Sababu yake si ngumu kuielewa. Ofisa akituma habari kwamba daraja ni zima, au kwamba risasi zatosha, askari mia wataendelea mbele kwa kuamini neno lake. Akiwa ni mtu wa kudanganya, watakaokufa ni wengine. Kwa hiyo chuo kilizoea kuwaamini wanafunzi wake kwa kiasi kikubwa, na mwanafunzi aliyejua kosa la mwenziwe alitazamiwa kulitoa wazi.

Lakini kuaminiana huko kulikuwa na mlango uliokuwa wazi. Wanafunzi wote waligawanywa katika vikosi viwili vikubwa, na mara nyingi maswali yale yale ya majaribio yaliyopewa kikosi cha kwanza leo yalipewa kikosi cha pili kesho. Aliyekwisha kufanya jaribio aliweza kumwambia ambaye hajalifanya. Wachezaji wa mpira, ambao saa nyingi walikuwa kiwanjani na ambao baadhi yao masomo yaliwalemea, walianza kupokea maswali na majibu kutoka kwa wenzao. Jambo lililoanza kama msaada kati ya marafiki likawa desturi, na desturi ikawa siri ya watu wengi.

Katika masika ya 1951 siri hiyo ilifika masikioni mwa wakuu, uchunguzi ukafanywa. Wengi walioulizwa walikiri. Mkuu wa chuo, Jenerali Frederick Irving, na wakubwa wa jeshi hawakutaka kuhukumu peke yao. Waliomba ushauri wa watu watatu, mmoja wao akiwa Learned Hand, jaji aliyesifika sana Marekani kwa hekima yake. Watu hao waliona kwamba kanuni lazima itimizwe. Tarehe 3 Agosti 1951 ilitangazwa kwamba wanafunzi wapatao 90 wataondolewa chuoni. Kati yao 37 walikuwa wachezaji wa mpira, karibu timu nzima. Wakati huo askari wa Marekani walikuwa wakipigana Korea, na nchi nzima ilishtuka kusikia neno kama hilo juu ya maofisa wake wa kesho.

MZIGO WA MWALIMU

Isidhaniwe kwamba hukumu hiyo ilikubaliwa na wote. Baadhi ya waliofukuzwa hawakutumia majibu ya wizi hata kidogo. Kosa lao lilikuwa kujua na kunyamaza, kwa kuwa waliona ni haya kuwasaliti marafiki. Wako walioona kwamba chuo nacho kilikuwa na lawama, kwa kuwa kurudia maswali yale yale siku ya pili ni kama kuacha ghala wazi usiku kisha kumlaumu mpita njia. Kadhalika walisema kwamba wanafunzi waliosema kweli walipoulizwa ndio walioumia. Maneno hayo yana nguvu, na hata leo hayajaisha kujadiliwa.

Blaik mwenyewe alikuwa wa upande huo. Aliwajua vijana wake, akaamini mpaka mwisho kwamba wengi wao ni watu wema waliopewa adhabu kubwa kupita kosa. Tena jambo lilimgusa ndani ya nyumba yake: mmoja wa walioondolewa alikuwa Bob Blaik, mwanawe wa kumzaa, aliyekuwa mchezaji wa mahali pa maana kabisa katika timu. Baba akafikiri kuacha kazi. Kabla ya kukata shauri alikwenda New York kumwona MacArthur, ambaye mwenyewe alikuwa ameondolewa katika uongozi wa vita vya Korea na Rais Truman mwezi wa Aprili mwaka ule ule. MacArthur alimshauri asiondoke wakati wa kushambuliwa. Blaik akarudi, akatangaza kwamba atabaki.

Hapa kuna jambo la kuzingatiwa. Mtu huyu hakuridhika na hukumu, naye alisema hivyo waziwazi. Lakini hakugoma, wala hakwenda kufundisha chuo kingine ambako angalipokewa kwa mikono miwili. Aliwakusanya vijana waliosalia, ambao hapo kwanza walikuwa wachezaji wa akiba au wa timu za chini, akaanza kuwafundisha mambo ya mwanzo. Nao walijua vizuri kwamba wanakwenda kupigwa.

MICHEZO TISA

Sheria za mpira za miaka ile ziliruhusu timu iwe na kundi moja la kushambulia na kundi jingine la kulinda, yaani watu 22 walio tayari, bila kuhesabu akiba. Chuo kilichopoteza watu 37 kingeweza wapi kupata makundi mawili ya maana kwa muda wa wiki chache?

Mchezo wa kwanza ulikuwa na Villanova. West Point wakashindwa 21 kwa 7. Wakaja Northwestern, wakashinda 20 kwa 14. Dartmouth, chuo ambacho Blaik alikifundisha kabla ya kuja West Point, wakawapiga 28 kwa 14. Harvard wakashinda 22 kwa 21, yaani kwa pointi moja tu. Michezo minne, na yote minne wameshindwa. Hatimaye walipata ushindi juu ya Columbia, 14 kwa 9. Lakini wiki iliyofuata wakapigwa na chuo cha Southern California 28 kwa 6. Wakawashinda Citadel 27 kwa 6. Kisha Pennsylvania wakawashinda 7 kwa 6, kwa pointi moja tena.

Ikabaki siku ambayo kwa West Point ni kubwa kuliko siku zote, ya kupambana na Chuo cha Wanamaji cha Annapolis. Mashindano hayo ya vyuo viwili vya majeshi yalianza mwaka 1890. Wanamaji nao walikuwa na mwaka mbaya; kabla ya siku hiyo walikuwa wameshinda mchezo mmoja tu. Hata hivyo, tarehe 1 Desemba 1951, huko Philadelphia, waliwapiga West Point 42 kwa 7. Timu iliyokuwa na desturi ya kuhesabu ushindi sasa ilimaliza mwaka ikiwa na ushindi 2 na kushindwa 7.

Wazee wetu walisema: Asiyekubali kushindwa si mshindani. Wakuu wa West Point wangaliweza kuepuka aibu hii kwa njia nyingi ambazo wakubwa wengi duniani wamezitumia. Wangaliweza kungoja mpaka Desemba, michezo iishe, ndipo wachukue hatua. Wangaliweza kuwafukuza vijana watano wasiojulikana na kuwaonya waliobaki. Wangaliweza kusema kwamba uchunguzi ungali unaendelea, na kuuacha uendelee mpaka watu wasahau. Hawakufanya hivyo. Hata anayeona kwamba adhabu ilikuwa kali hawezi kusema kwamba chuo kilipima kanuni yake kwa kipimo cha mpira. Wachezaji bora na wanafunzi wasiogusa mpira kamwe walitoka kwa mlango mmoja.

MIAKA MIWILI BAADAYE

Mwaka 1952 timu ilishinda michezo 4, ikashindwa 4, ikatoka sare 1. Wanamaji waliwashinda tena, lakini safari hii ni 7 kwa 0 tu. Mwaka 1953 sheria za mpira zilibadilishwa, mchezaji akatakiwa kushambulia na kulinda pia, na jambo hilo liliwafaa vijana waliozoea kufanya kazi wakiwa wachache.

Tarehe 17 Oktoba 1953 walikutana na Duke, timu kubwa iliyotazamiwa kushinda. West Point walikuwa mbele 14 kwa 13 na mchezo ulikuwa karibu kwisha, mchezaji mmoja wa Duke alipochomoka na mpira akakimbia kiwanja karibu kizima. Kijana wa West Point aitwaye Bob Mischak alimfukuza kutoka mbali, watu wote wakidhani ni kazi bure, akamkamata hatua chache tu kabla ya mstari. Kisha wenzake wakasimama imara hapo mlangoni, wakawazuia Duke wasipite. Mwaka huo waliwashinda Wanamaji 20 kwa 7, wakamaliza na ushindi 7, sare 1 na kushindwa 1, na wakapewa Kombe la Lambert linalotolewa kwa timu bora ya majimbo ya mashariki.

Masomo ya West Point ni ya miaka minne. Kwa hiyo waliofuzu mwaka 1954, kama Mischak, walikuwa wanafunzi wa mwaka wa pili chuoni katika ule msimu wa kushindwa. Walikuwapo chuo kilipowapoteza wenzao, wakayaona majina yao yakichekwa magazetini. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na chombo hiki kiliundwa katika mwaka ambao hakuna aliyekuja kukitazama. Blaik aliendelea kufundisha mpaka mwisho wa msimu wa 1958, ambao timu yake haikushindwa hata mara moja.

MTIHANI WA KWETU

Msomaji wa Machakos aweza kusema kwamba hayo ni mambo ya Wamarekani. Lakini Kenya nayo imepitia msimu wa namna hiyo.  Habari ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2015 si hadithi, bali ni jambo lililoandikwa. Karatasi zilivuja, na matokeo yalipotangazwa mwezi Machi 2016, ya watahiniwa 5,101 yalifutwa kwa sababu ya udanganyifu. Mwezi huo huo Waziri wa Elimu, Fred Matiang'i, aliivunja bodi ya Baraza la Mitihani. Utaratibu mpya ukawekwa: karatasi zikafungiwa katika makontena yenye ulinzi, na mwalimu mkuu wa kila shule akatakiwa kuzichukua mwenyewe asubuhi ya mtihani.

Mwaka 2015 watahiniwa 2,685 walipata alama ya A katika mtihani huo. Mwaka 2016 waliopata A nchini kote walikuwa 141. Mwaka 2017 walikuwa 142. Wako waliosema kwamba usahihishaji nao ulikuwa mkali kupita kiasi, na hoja yao haikosi kusikilizwa. Lakini hakuna awezaye kudai kwamba anguko lile lote lilitokana na kalamu ya msahihishaji. Shule nyingi zilizozoea kuwabeba walimu wakuu mabegani na kuimba siku ya matokeo zilinyamaza mwaka ule. Huo ulikuwa msimu wao wa kushindwa.

Mzazi aliyeona mwanawe akipata C mahali ambapo kaka yake alipata A alihuzunika, na si ajabu. Lakini C ya kweli humwambia mtoto, mzazi na mwalimu mahali pa kuanzia kazi. A ya wizi haimwambii mtu lolote, mpaka siku mwenye A hiyo atakapopewa mgonjwa kumtibu, au hesabu za chama cha kahawa kuzitunza.

Wakulima wa vilima vya Matungulu walilielewa jambo hili zamani, ingawa katika kazi nyingine. Wakati udongo wa Machakos ulipokuwa ukichukuliwa na maji, palikuwa na dawa moja tu, kuchimba makinga maji ya fanya juu. Anayechimba hupoteza kipande cha shamba kwa ajili ya mtaro na tuta, hutoa jasho katika miezi ya kiangazi, na mwaka wa kwanza mavuno yake huweza kuwa haba kuliko ya jirani asiyechimba. Jirani humcheka. Lakini mvua huendelea kunyesha mwaka hata mwaka, na udongo wa mmoja hubaki mahali pake, na wa mwingine huteremka mtoni. Leo mtu apitaye barabara ya Kangundo na kutazama vilima vile vyenye matuta toka chini hata juu anatazama kazi ya watu waliokubali kuvuna haba.

Basi wakuu wa shule, walimu wa michezo na wazazi, ambao kila mwaka huulizwa habari za matokeo, wasione haya kuyatoa matokeo madogo yaliyo ya haki, wala wasimwache peke yake mwalimu anayekataa kununua karatasi ya wizi na ambaye shule yake huwa ya mwisho kwa sababu hiyo. Katika vitabu vya kumbukumbu za mpira wa West Point, ule mchezo wa tarehe 1 Desemba 1951 bado umeandikwa kama ulivyokuwa: Wanamaji 42, Jeshi 7. Chuo hakijaufuta, wala hakina sababu ya kuufuta.